Kioo cha Ndani

Kijana, umetoka wizarani na orodha iliyopigwa chapa,
majina saba na miaka yao,
unataka Gwimo Ntakije, dereva mstaafu wa hapa Mwanga,
akwambie nani alimfuata nani.
Kaa. Chai ina tangawizi kali.

Mimi sikuwajua kwa sura.
Niliwajua kwa kioo cha ndani, kwanza cha Pijo, baadaye cha Landkruza:
paji la uso, jozi ya macho,
na barabara ikikimbia kinyumenyume masikioni mwao.

Shekiondo ndiye aliyefungua. Alizisoma hati zake
kwa sauti, njia nzima hadi ikulu,
kama mwanafunzi anayeogopa kuulizwa.
Nchi yenyewe ndogo, alisema, ukipiga chafya mlangoni
watakuitikia "afya" uani.
Alicheka peke yake. Mwaka wa tatu alikuwa hacheki.
Mwakipunda alitafuna karafuu kabla ya kila hotuba.
Lwezaura alikataa migebuka niliyomletea kutoka Kibirizi,
nikamwandika moyoni.
Bi Tunsume pekee alikaa mbele, pembeni yangu,
mpaka itifaki wakamwandikia barua ya kurasa mbili.
Akahamia nyuma.
Viatu aliviacha mbele.

Wote waliniuliza, kila mmoja kwa zamu yake,
kwa sauti ya chini, tukisubiri msafara upite:
"Gwimo, wanasema nini hao?"
Maana mimi Muha. Asubuhi sisi husema mwakeye,
wao bwakeye;
kati yetu na wao ni herufi moja
na kizuizi cha Manyovu.
Bibi yangu alivuka kuja kuolewa Heru
bila hati yoyote ya utambulisho,
kapu la mbegu za maharage kichwani.
Basi nilitafsiri. Si yote.
Muuza ndizi alipomtukana Mwakipunda na ukoo wake,
nilisema, mheshimiwa, anakutakia mvua.

Sasa tazama hapa, kati ya wa nne na wa tano.
Umeweka kistari.
Kistari hicho ni miezi kumi na minne.
Risasi zilianza usiku wa Alhamisi. Balozi akaitwa nyumbani
kwa mashauriano, karani akafuata kwa boti,
mpishi akaondoka maharage yakiwa yanachemka.
Nilibaki na funguo, mbwa, na bendera.
Bendera niliikunja nikailaza chini ya tairi la akiba.
Watu wakaja getini. Wakauliza, balozi yupo?
Nikasema yupo.

Thelathini na mmoja walilala ukumbini,
wengine chini ya meza ya kutilia saini mikataba,
na mtoto akazaliwa juu ya zulia la sherehe.
Zulia hilo lilikatwa kwenye mshahara wangu.
Stakabadhi ninayo, nitakuonyesha.

Hapo kwenye kistari pana nafasi?
Jina langu liache, dereva haandikwi.
Andika tu kwamba geti lilifunguliwa.

Mama wa mtoto yule anauza mawese hapo chini ya stesheni.
Alivuka ziwa miaka mingi baadaye,
akaja kuniuliza mahali pa kupiga tofali.
Siku hizi nami ni balozi, usicheke, wa nyumba kumi,
nina muhuri na daftari la wageni.
Nyumba zangu ukizihesabu utazikuta kumi na moja.
Akipita asubuhi hunisalimu kwa herufi yake,
namjibu kwa yangu,
na sijawahi kumuuliza nani wanasema nini.

Haya, kunywa, inapoa.
Halafu huyo wa sita umemkosea:
ni Mwambeta. Si Mwambela.
Futa vizuri, hata huko nyuma ya gari
alipenda kuitwa kwa jina lake.